Kupe mwenye miguu kama buibui, pangoni: huyu ni kupe kweli?

MwanaChumbageni:
Wakuu, salaam. Naomba wataalamu wa mifugo na wadudu mnisaidie, maana hapa nilipo kila ninayemuuliza anajibu kwa lugha ambayo bado naokoteza.

Mimi ni mtu wa Tanga, niko Hungary nasomea mambo ya maji ya chini ya ardhi. Kuna kikundi cha wapenda mapango hapa, na kila majira ya baridi huenda kuhesabu popo waliolala. Jumamosi iliyopita wakanibeba hadi Aggtelek, kaskazini kabisa, jirani na mpaka wa Slovakia. Huko ndiko liliko pango la Baradla, ambalo ukiunganisha na upande wake wa Slovakia linafika kama kilomita 25, na limo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1995. Sisi hatukwenda kwa watalii. Tuliingia kipango cha pembeni ambacho mlangoni unapita kwa tumbo, kofia ngumu inakwaruza mwamba juu na kidevu kinakwaruza tope chini.

Nje ilikuwa nyuzi sita chini ya sifuri na theluji ya magoti. Ndani nyuzi kumi, na wanasema Agosti ni kumi hizo hizo. Nikavua jaketi, wakacheka kwamba mtu wa pwani kapata joto la kwao.

Kazi yangu ilikuwa kushika daftari na kubeba kamba. Popo wenyewe ni wale ambao pua ina umbo la kiatu cha farasi. Wananing'inia mmoja mmoja, wamejifunika mbawa zao kama mtu aliyejitanda kanga, kati ya mmoja na mwenzake unaweza kupitisha kiganja. Manyoya yamejaa vitone vya maji. Ukimulika, anang'aa kama kanyunyiziwa chumvi. Unaambiwa usimulike sana, usipumue karibu, usiongee. Akiamka anachoma mafuta aliyoweka akiba, na nje hakuna hata nzi wa kumla afidie.

Sasa hapo ndipo penyewe. Wakati nasubiri nitajiwe idadi nikaona ukutani, kimo cha bega langu, kitu kinatembea taratibu sana. Nikasema buibui. Nikasogeza uso, pumzi ikamfikia. Akasimama. Akanyanyua miguu miwili ya mbele juu, akaiacha hewani inatikisika polepole, kama mtu anayeomba dua. Mwili bapa, rangi ya kokwa ya ukwaju, hata nusu ya punje ya mchele haufiki kwa kuona kwangu, lakini miguu ni mirefu kuliko mwili wenyewe. Dada aliyekuwa na mimi akamulika, akasema neno moja, *kullancs*. Kupe.

Nikakataa. Mimi kupe nawajua. Babu alikuwa na ng'ombe Pongwe, likizo zangu zote nimezimaliza nikiwang'oa kupe masikioni mwa ng'ombe na kuwatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Kupe ni mnene, wa kijivu, ana miguu midogo ya aibu pembeni. Huyu wa pangoni ana miguu ya mwanariadha! Na hakuwa peke yake, nilihesabu wanne kabla ya kufika kwenye kona.

Jana nafua ovaroli nikamkuta mmoja kwenye pindo la mkono. Mzima. Nimemweka kwenye kichupa cha vidonge na kipande cha tishu mbichi, yuko dirishani, ananitazama.

Maswali yangu: huyu ni kupe au papasi? Anakula nini humo ndani ambamo hakuna ng'ombe wala mbwa? Na nimekaa naye nyumba moja usiku mzima, niwe na wasiwasi?

Kijukuu_Handeni:
Huyo kakimbia dawa ya josho, kajificha mpaka Ulaya. 😂

BukobaYetu:
Kijana, wewe unacheza. Umesema pango, umesema popo, halafu unaleta mdudu wa popo ndani ya nyumba unayolala. Sisi huku Kagera tumeshazika watu kwa homa ya virusi vya Marburg mwaka 2023, na mwanzoni mwa 2025 ikarudi tena Biharamulo. Pango la Kitum kule Mlima Elgon, Kenya, walioingia 1980 na 1987 waliugua. Mtalii Mholanzi aliingia pango la chatu pale Maramagambo, Uganda, mwaka 2008, akarudi kwao akafa. Tupa hicho kichupa uoge.

DaktariNdigana:
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi ni daktari wa mifugo, Monduli, miaka kumi na tisa nachungulia masikio ya ng'ombe. Nijibu taratibu, na nianze na ndugu yangu wa Bukoba, kwa sababu hofu yake si ya kuchekwa.

Marburg ni kweli inaishi kwa popo wa mapangoni, lakini ni popo mmoja mahususi, yule mkubwa mla matunda ambaye tunaye sisi Afrika. Popo aliowahesabu kijana wetu ni wala wadudu, ukoo mwingine kabisa. Na kuhusu wadudu wa popo: wanasayansi walikwenda palepale pango la chatu Maramagambo, wakakusanya papasi wa popo zaidi ya 3,000 kwenye nyufa za mwamba, wakawapima wote. Marburg hawakuikuta hata kwa mmoja. Kwa hiyo pangoni Uganda ogopa popo mwenyewe, mkojo wake na kinyesi chake. (Mavi ya popo yana pia ukungu unaoingia mapafuni, hata mahali pasipo na Marburg. Barakoa si urembo.)

Sasa kupe au papasi. Mwanangu, mgeuze aangalie chini, mtazame kwa juu. Ukiona mdomo umechomoza mbele ya mwili kama ncha ya kalamu, huyo ni kupe. Usipouona kabisa kwa sababu umefichwa chini ya tumbo, huyo ni papasi. Papasi pia ngozi yake imekunjamana kama zabibu kavu na hana ngao mgongoni. Kupe ana ngao, kibao kigumu kinachong'aa. Hapohapo uangalie jambo la pili: ngao imefunika mgongo wote, au imeishia mbele karibu na kichwa na nyuma kumebaki ngozi? Niletee jibu, kuna kitu nataka kukuambia.

Kwa maelezo yako, na kwa nchi uliyopo, naona ni kupe wa popo anayejulikana Ulaya tangu 1844, jina lake la kitaalamu *Ixodes vespertilionis*. Wewe umekua na kupe wanaokaa kwenye majani wakisubiri ng'ombe apite. Huyu hana majani. Amezaliwa gizani, anafia gizani, na chakula chake ni damu ya popo. Katika maisha yake yote anakula mara tatu tu: akiwa mtoto wa miguu sita, akiwa kijana, na akiwa jike mzima. Kila mlo mmoja ananyonya siku kadhaa, anadondoka, anarudi kwenye ufa, anabadili gamba, anasubiri tena. Katikati ya mlo na mlo inaweza kupita miezi mingi. Unyevu wa pango ndio unaomfanya aweze kusubiri hivyo. Kwa hiyo umefanya vizuri kumwekea tishu mbichi, juu ya dirisha lenye joto la hita angekauka.

Ile dua uliyoiona ndiyo pua yake. Mwisho wa miguu ya mbele kuna kijishimo chenye vinyweleo, wenyewe wanakiita kiungo cha Haller, na hicho ndicho kinanusa hewa tunayotoa, joto, jasho. Ulipompumulia ulimwambia "karibu, chakula".

MwanaChumbageni:
Marahaba siwezi kuitikia kwako daktari, shikamoo. Nimeazima lenzi ya kutazamia mawe. Mdomo umechomoza mbele, wazi kabisa. Na ngao imefunika mgongo WOTE, hadi nyuma, imebaki pindo jembamba tu pembeni.

Halafu nimeona hana macho! Giza limemla macho kama wale samaki vipofu wa mapangoni?

DaktariNdigana:
Basi ni dume. Jike ngao yake ni ya mbele tu, kwa sababu tumbo lazima litanuke kwa damu. Dume hana haja ya kutanuka. Na madume ya aina hii ndiyo huonekana sana ukutani, wanazunguka wakitafuta majike, popo hawamhusu. Yaani umelala nyumba moja na bwana harusi. Hakuja kwako, alipanda ovaroli kwa bahati mbaya.

Macho, hapana. Hilo watu wengi wanakosea. Ukoo wake mzima hauna macho, hata ndugu zake wanaoishi juu ya majani kwenye jua kali. Pango halikumnyang'anya kitu asichokuwa nacho. Kilichobadilika kwake ni miguu, na mimi ndicho kinachonifurahisha. Umesema mwenyewe popo wako wananing'inia mbalimbali, kiganja kinapita. Kupe wa popo wa namna hiyo lazima atembee ukutani masafa. Kuna kupe mwingine wa mapango hayohayo ya Ulaya, *Ixodes simplex*, yeye anaishi kwa popo wanaolala wamebanana mamia kwa mamia kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Huyo miguu yake ni mifupi. Atembee aende wapi, jirani yuko hapo!

Na huko huko uliko, mwaka 2014, walitangaza wa tatu ambaye kumbe alikuwa anachanganywa na hawa wawili miaka yote. Miguu yake si mirefu sana wala mifupi sana. Wakampa jina la Ariadne, yule binti wa hadithi za Wagiriki aliyetoa uzi ili mtu asipotee kwenye njia za gizani.

Kukuuma wewe? Imetokea, lakini ni nadra kiasi kwamba Wapolandi walipompata mtu mmoja aliyeng'atwa na kupe wa popo waliandika makala ya kitaalamu mwaka 2013. Wewe ogopa majani ya hapo Hungary ikifika Mei. Kupe wa msituni huko analeta ugonjwa wa Lyme na homa ya ubongo, na hiyo ya pili ina chanjo. Ukirudi matembezini jikague nyuma ya magoti na kwenye kinena. Ukimkuta, kibano, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kupindisha. Hayo mafuta ya taa ya babu acha kwa ng'ombe, na hata kwa ng'ombe siku hizi tunaogesha, hatutii kopo.

BibiMvumi:
Wanangu, mimi naingia kwa hilo neno papasi, maana naona vijana mnalitaja kama mnataja jina la mtaa.

Nimekulia kwenye tembe, upande wa Mvumi, Dodoma. Nyumba ya udongo, paa la udongo, sakafu ya udongo. Papasi alikuwa anakaa kwenye vumbi pale ukuta unapokutana na sakafu, na chini ya mguu wa kitanda. Mchana humwoni. Usiku ukilala anatoka, ananyonya kama nusu saa, anarudi. Asubuhi unaona kidoa tu, hukumwona mwenyewe. Kupe angekaa umkute, papasi ni mwizi.

Mwaka nilipojifungua mtoto wangu wa pili nilipata homa. Siku nne natetemeka, kichwa kinapasuka. Zahanati wakanipa dawa ya malaria. Homa ikakatika yenyewe, nikasema nimepona, nikarudi shambani kulima karanga. Baada ya wiki ikarudi, vilevile. Dawa ya malaria tena. Ikakatika. Ikarudi mara ya tatu, safari hii mume wangu akanipandisha baiskeli hadi hospitali nyingine, na mzee mmoja wa maabara akaniuliza swali moja tu: "Mama, kitanda chako kinagusa ukuta?" Akatazama damu kwenye darubini akaniita nione. Vitu kama nyuzi zilizojikunja vinachezacheza katikati. Sindano siku chache, basi. Wala ugonjwa wenyewe si mgumu, ugumu ni mtu wa kuuliza swali.

Tulipojenga ya tofali na sakafu ya saruji papasi waliisha. Lakini mpaka leo kitanda changu hakigusi ukuta, wajukuu wananicheka.

MwanaManiema:
Bibi pole sana. Mimi ni wa Kasongo, Kongo. Kwetu wazee walimwita kimputu. Hapo Kasongo ndipo alipofia daktari Mwingereza, Dutton, Februari 1905, ana miaka thelathini, kwa homa ileile aliyokuja kuichunguza. Zile nyuzi ulizoonyeshwa kwenye darubini zimepewa jina lake, *Borrelia duttonii*. Yeye na mwenzake Todd ndio walioonyesha kwamba upande wetu kimputu ndiye anayeibeba.

Kijukuu_Handeni:
Bibi umenifanya nisogeze kitanda saa hii. Sio utani.

Daktari, huyu papasi wa bibi na wale wa mapangoni ni kitu kimoja?

DaktariNdigana:
Shikamoo bibi. Swali la yule mzee wa maabara nitaliiba, nitaanza kuwauliza wafugaji wangu.

Kijukuu, ni ukoo mmoja, nyumba tofauti. Kabla ya kuingia kwenye tembe za watu papasi walikuwa wanakaa mashimoni, na hadi leo wapo. Shimo la muhanga ambalo ngiri amehamia, chimba pembeni uchekeche mchanga, unawaona wanajifanya wamekufa. Ngiri haugui, lakini papasi wake anabeba homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo Montgomery aliieleza Kenya mwaka 1921 baada ya kuona nguruwe wa walowezi wanakufa zizi zima. Mfugaji akiniambia "daktari nguruwe wangu hawachanganyiki na nguruwe wa mtu," huwa nauliza kama kuna ngiri wanapita usiku.

Ndiyo maana nilimwambia kijana amtazame mdomo kwanza. Papasi analindwa na ngozi yake, kupe analindwa na unyevu. Papasi anaweza kukaa kwenye vumbi kavu miaka bila kula akakungoja. Kupe ukimtoa kwenye unyevu wake hana siku nyingi.

MzeeWaKiomoni:
Nimeusoma huu uzi wote nikiwa kazini. Nawapeleka wageni mapango ya Amboni, na MwanaChumbageni nadhani shule yenu iliwahi kuja, zote za Tanga huja. Wageni huwa nawaonyesha popo juu, nawaonyesha mahali watu wanapoacha ubani na sarafu kwa mizimu, nawaambia ile hadithi kwamba kuna njia inatokea Mombasa. Wote tunatazama juu. Miaka yote hiyo sijawahi kumulika ukuta kimo cha bega.

Kesho asubuhi kabla ya basi la kwanza naingia na tochi.

MwanaChumbageni:
Mzee, nilikuja nikiwa darasa la tano! Nilipoteza ndala moja pale pa kuinama. Ukiiona ni ya bluu. Ukiingia nenda na barakoa, daktari kasema, popo wa kwetu si wa huku.

Wakuu, mrejesho. Leo nimekwenda na kichupa kwa mwalimu mmoja wa wadudu, nikamwambia kwa Kihungari changu cha kuokoteza: dume, kupe wa popo, ngao mgongo mzima. Akanitazama, akamweka chini ya darubini, akatikisa kichwa kukubali, akaniuliza nimesomea wapi. Nikamjibu Monduli.

Alitaka kumtia kwenye spiriti abaki maabara. Nikamwomba kama inawezekana asimtie. Akasema ana wengi wa aina hiyo, na pale hana anachokosa. Akaniambia tu kwamba ukutani dume anaweza kukutana na jike mmoja kwa bahati katika miezi mingi, tena wakiwa hawaonani.

Kikundi kinarudi Aggtelek Jumamosi ijayo kumalizia kuhesabu. Nimebadilisha tishu, nimehamisha kichupa kutoka dirishani kukiweka kwenye friji mlango wa chini, kati ya haradali na pilipili ya mama aliyonitumia kutoka Tanga. Nimebandika karatasi: SI CHAKULA. Mwenzangu wa chumba, Mbrazili, hajauliza chochote mpaka sasa.